Kuku Aliyewika kwa Kija

Lalago,
7 Aprili 2024

Mwanangu Mektilda,

Mwangaluka. Barua hii nampa kondakta wa basi la Dar, aishushe Morogoro kwenye kile kibanda cha mama wa chakula ulichonielekeza. Tangu uingie chuo ninakuandikia kwa mkono, na hapa Lalago wananicheka, wanasema Bujiku ana binti chuo kikuu na bado anatumia karatasi. Nawaacha wacheke. Wao hawakusimama kando ya mashine za kuchambua pamba pale Maswa kama mimi. Mashine zile zilichukua masikio yangu, nami nikapata fedha za wewe kusoma. Sioni kama nilipunjwa. Na vijiherufi vya simu macho yangu hayaviwezi, hilo unalijua.

Mama yako mzima. Pamba imeweka vitumba vizuri kule bondeni, juu mlimani hapana.

Nina swali la shule. Kuna kuku jike, mtagaji mzuri, amelea vifaranga misimu miwili. Sasa upanga wake wa kichwani umekua, umekuwa mwekundu kama wa jogoo, na asubuhi anapanda kwenye rundo la kuni anawika. Mimi simsikii, lakini nimeona shingo inavyonyooka na mdomo unavyofunguka. Unajua wanavyosema huku. Kuku jike akiwika, nyumba hiyo ina jambo. Achinjwe haraka na wenye nyumba watafute nani kalileta. Mimi ni Mkristo, lakini nilipomwona nilisisimka mwili.

Kuku ni wa watu fulani tu. Wanataka kujua mambo mawili. Mwilini mwake kumetokea nini? Na ndani ya yai, ni nani anayeamua kifaranga kiwe jogoo au jike? Andika Kiswahili cha watu wote, maana nitawasomea. Nataka wasikie kwamba mtoto wa Bujiku anajua.

Baba yako,
Bujiku Mhoja


Morogoro,
16 Aprili 2024

Baba yangu mpendwa,

Mwadila, baba. Barua imefika ikiwa na harufu ya samaki wakavu, nadhani kondakta aliiweka kwenye mzigo wa mtu. Nimefurahi nayo hivyo hivyo.

Swali lako limenikuta mahali pake. Utafiti wangu wa mwaka huu wa mwisho ni huo huo: vifaranga wakiwa bado ndani ya yai, jinsi viungo vyao vya uzazi vinavyoanza. Ninashinda maabara nafungua mayai ya umri mbalimbali na kuyaangalia kwa hadubini. Baba, samahani, kuna majina ambayo binti hayataji mbele ya baba yake. Nitayaandika kama yanavyosemwa darasani, nawe uyasome hivyo.

Mwanzoni huwezi kumjua jike wala dume. Wote wana vitu viwili vidogo karibu na figo, kimoja kushoto, kimoja kulia, vinafanana kama punje mbili za ulezi. Wote pia wana mirija ya aina zote mbili, ya kike na ya kiume. Mwili unasubiri kuamriwa. Halafu, wiki ya kwanza ikielekea kwisha, njia zinaachana. Kwa dume, punje zote mbili zinakua na kuwa korodani. Zinabaki ndani, juu karibu na mgongo, ndiyo maana kwa jogoo huzioni mpaka umpasue. Ile mirija ya kike inayeyuka. Kwa jike ni ajabu zaidi: inakua punje ya kushoto peke yake. Hiyo ndiyo inakuwa ovari, lile shada la viini vya njano analolikuta mama akipasua kuku mtagaji. Mrija wa kushoto unakuwa njia ya yai. Upande wa kulia unasinyaa. Hauishi kabisa, unabaki kama alama tu, umelala.

Sasa kuku wa hao watu. Ovari ya kushoto ikiugua, ikapata uvimbe au ikaharibika, ile alama ya kulia wakati mwingine huamka. Na ikiamka, mara nyingi haikui ovari. Inakuwa kitu kinachofanana na korodani. Upanga unakua, manyoya yanabadilika, kuku anawika. Hajaletwa na mtu, wala hajaleta neno. Ni mgonjwa. Wakimchinja, wapasue taratibu na waangalie pande zote mbili. Ningetoa chochote niwepo.

La pili ni rahisi. Mama ndiye anayeamua. Mayai yanatoka kwa mama yakiwa tayari yamebeba alama, haya ya jike na haya ya dume, na jogoo hana lake hapo. Lisome hilo kwa sauti kubwa, baba, maana wavulana wa darasa langu hawakulipenda.

Nisalimie mama. Dada Kija vipi? Nikipiga simu anapokea shemeji Masunga, nikipewa dada ananiambia wazima tu, basi.

Mwanao,
Mektilda


Lalago,
5 Mei 2024

Mwanangu,

Nakuandikia nikiwa bado na viatu vya safari. Nimetoka Nyakabindi, kwa wakwe wa dada yako. Sasa nikuambie: yule kuku ni wa Kija. Sikukuambia mwanzoni kwa sababu mama yako alisema usitiwe wasiwasi wakati wa utafiti. Kija ana mimba ya nne, wale watatu wa kwanza ni wasichana, na kuku alipowika wakwe wakaanza maneno. Wakaitisha kikao cha ukoo. Nikasema, niende na barua ya mwanangu.

Mektilda, laiti ungeniona. Walikuwepo wazee wa ukoo, yupo mama mkwe Nyanjige, yupo baba mdogo wa Masunga, yule Thomasi mwenye ng'ombe wengi. Nilisimama katikati ya uwanja nikaisoma yote, toka mwadila mpaka jina lako. Pale pa korodani nilikohoa kidogo nikaendelea. Uliposema mama ndiye anayeamua, nilipaza sauti kama ulivyonituma.  Halafu walizungumza kwa muda mrefu, sikusikia, lakini niliona vichwa vikitikisika kukubali. Thomasi alinyanyuka akanishika mkono mara mbili. Hajawahi kunishika mkono tangu tulipopokea mahari.

Dada yako aliingia ndani. Nadhani alizidiwa na furaha.

Nimesimama mbele ya watu wengi maishani, wengi wao wakinionyesha kwa vidole kwa sababu ya masikio haya. Jana nilisimama kama mtu.

Baba yako,
Bujiku Mhoja


Nyakabindi,
12 Mei 2024

Mdogo wangu Mektilda,

Ukipiga simu nitasema wazima, kwa hiyo usipige. Simu ni moja, inakaa mfukoni kwa Masunga, na nyumba yetu ina masikio. Naandika nikiwa kwa jirani yangu Shida, nimekaa juu ya gunia la mpunga.

Baba alisoma barua yako vizuri sana. Sijawahi kumwona amesimama vile. Ndiyo maana nakuomba jambo moja kabla ya yote: asijue nitakayokuambia.

Alipomaliza, baba mdogo Thomasi alisimama akasema, "Tumesikia wenyewe, na hakuna aliyetulazimisha. Mama ndiye anayeamua. Mtoto wa kike au wa kiume, anatoka kwa mama. Dada mtu kaandika, baba mtu kasoma." Wakakubali wote. Akasema kuku kasema kwanza, kisha msomi kathibitisha. Wakakata shauri: mtoto huyu akiwa wa kiume, nakaa. Akiwa wa kike, Masunga ataoa mwingine, na binti mwenyewe ameshaonwa. Halafu Thomasi akaenda kumpa baba mkono kumshukuru. Baba akawa anatabasamu. Mektilda, alikuwa anatabasamu huku anawapungia watoto.

Nikaingia ndani nisije nikalia mbele yake.

Kuku walitaka kumchinja jioni ile. Nilimchukua nikamficha hapa kwa Shida, siyo kwa ajili ya kumpenda, ila kwa sababu ni wangu na hawakuniuliza.

Sikuandikii unionee huruma. Wanangu watatu wanakwenda shule wamevaa viatu kwa kuku ninaowauza soko la Bariadi, na siku ya kuondoka nitaondoka nao nikiwa wima. Nataka kujua kitu kimoja tu, uniambie ukweli hata ukiwa mchungu. Ni mimi?

Dada yako,
Kija


Morogoro,
20 Mei 2024

Dada yangu,

Siyo wewe.

Naandika hilo kwanza ili hata ukikatizwa hapo uwe umeshalisoma. Baba aliniuliza habari za kuku, nikajibu za kuku. Aliniambia ni kuku wa watu fulani. Ningejua kuna mtu nyuma ya lile yai, ningeendelea mstari mmoja zaidi.

Kwa kuku mama anaamua. Kwa binadamu ni kinyume chake. Mayai yetu sisi wanawake, dada, yote ni ya aina moja. Yangu, yako, ya mama. Mbegu za mwanaume ndizo zina aina mbili, za kumleta binti na za kumleta mvulana. Inayofika kwanza ndiyo imeamua. Wala mwanaume hachagui, hawezi kuituma hii na kuizuia ile, kwa hiyo si kosa lake. Lakini likiulizwa swali la Thomasi, mtoto wa kike au wa kiume ametoka kwa nani, jibu ni Masunga. Wanao watatu wametoka kwa Masunga. Muulize daktari yeyote pale Bariadi, au mwalimu wa baiolojia, hawatakupa jibu jingine.

Na mwili wetu hauko kama wa kuku. Sisi upande wa kulia haulali. Tuna ovari mbili, zote zinafanya kazi.

Nimekasirika hata maabara nimevunja kioo. Nilitaka kupanda basi usiku ule ule, lakini mtihani wa mwisho umekaribia na najua ungenirudisha stendi. Baba sitamwambia. Barua hii usiisome mbele ya kikao. Kikao kinapenda kusikia kile ambacho kimeshakiamua. Msomee Masunga mkiwa wawili. Na yule kuku, kama bado yupo, mpasue mwenyewe mbele ya mama mkwe. Tulitabiri nini ndani yake? Kushoto kumeharibika, kulia kumekua. Aone kwa macho yake kwamba tunachosema hakibahatishwi.

Ukitaka kubaki, baki. Ukitaka kurudi Lalago, nitakuja kukusaidia kubeba. Sikuandikii ili wakukubali. Nakuandikia kwa sababu uliuliza.

Mektilda


Nyakabindi,
23 Juni 2024

Mdogo wangu,

Nimekaa muda bila kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza nione mwisho wake.

Kuku alianza kulegea, hali chakula, tumbo limejaa. Nikamtoa kwa Shida nikamleta nyumbani mchana, nikamwita mama mkwe jikoni. Akaniuliza, "Ulikuwa wapi na mkosi huu?" Nikamwambia, "Mayu, kaa hapo. Kabla sijampasua nakuambia utakachokiona. Kama nimekosea, nitafunga mizigo yangu leo." Akakaa.

Nikamchinja, nikampasua kutokea chini, taratibu. Kushoto, badala ya shada la viini, kulikuwa na uvimbe mgumu wenye maji machafu. Nikasogeza utumbo. Kulia, Mektilda, karibu na mgongo, kulikuwa na kitu cheupe chenye umanjano kidogo, kama haragwe. Mama mkwe amechinja kuku maisha yake yote. Akainama, akakigusa kwa kidole, akasema, "Hiki ni cha jogoo." Nikasema ndiyo. Akasema, "Kwa hiyo alikuwa anaumwa." Nikasema ndiyo. Akawa anakitazama. Kisha akauliza, "Na wewe ulijuaje?"

Nikaitoa barua yako. Nilikuwa nimekusudia kumsomea Masunga peke yake, lakini Masunga alikuwa amesimama mlangoni tangu nilipoanza kupasua. Nikawasomea wote wawili.

Nilipofika pale pa "wametoka kwa Masunga," nilidhani atatoka nje. Hakutoka. Alimwambia mama yake, "Mayu, hawa mabinti ni wangu mimi. Kama ni lawama, nilaumu mimi. Kama ni sifa, basi ni yangu, na mimi nasema ni sifa. Nitakwenda kwa baba mdogo nimwambie hakuna harusi." Ni mtu wa maneno machache, unamjua. Alisema hayo akachukua jembe akaondoka, jembe ambalo halikuwa na kazi saa ile.

Mama mkwe hakumsikiliza hata. Aliniambia, "Rudia pale." Nikadhani hajaelewa, nikaanza kumfafanulia. Akasema, "Nimeelewa. Rudia."

Nikarudia. Akasema, "Basi mimi nililaumiwa kwa nini?"

Wewe hujui, hata mimi nilijua nusu tu. Alizaa wasichana sita kabla ya Masunga. Mumewe Masalu alioa juu yake mara mbili, na kila mara alihamishwa, mpaka akaishia kwenye kile kibanda nyuma ya zizi, ambako ndiko alikomzaa Masunga. Alikuwa akiwaambia wale binti zake, "Ninyi ndio mlionileta huku." Aliniambia hayo mkono ukiwa bado na damu ya kuku. Nikamletea maji anawe.

Thomasi alikuja baada ya siku chache kufoka kwamba barua mbili za mtu mmoja haziwezi kupingana. Mama mkwe ndiye aliyemjibu. Alisema, "Hazipingani. Ile ya kwanza ilikuwa ya kuku, nanyi mkajiweka humo. Hii ni ya watu." Akamwekea kiti, akampa chai, habari ikaishia hapo.

Mtoto anacheza sana tumboni. Awe yeyote.

Kija


Lalago,
14 Julai 2024

Mwanangu Mektilda,

Masunga alikuja Jumapili baada ya misa. Alikaa mezani na kuniandikia kwenye karatasi yote niliyoshindwa kuyasikia kwenye kikao kile. Zilikuwa karatasi mbili, mbele na nyuma. Nilizisoma hadi mwisho naye akanisubiri.

Sitakuficha, nililia. Nilikumbuka nilivyomshika Thomasi mkono. Masunga akachukua kalamu akaongeza: "Baba, bila wewe kuja na ile barua, hii ya pili isingeandikwa." Sijui kama ni kweli au ni adabu tu, lakini nimeihifadhi.

Mama yako amesema mlinificha kwa sababu mnanipenda. Nimemwambia, msinifiche tena. Mimi si mzee wa kubebwa. Nikikosea mniandikie, nitasoma.

Mama yako ameninunulia suti kwa ajili ya mahafali yako. Nimemwambia ni mapema. Anasema suti haiozi.

Baba yako,
Bujiku Mhoja


Nyakabindi,
15 Septemba 2024

Mektilda, ng'wanone, mwanangu,

Anayeandika ni Kija, anayesema ni mimi Nyanjige. Shule sikwenda. Nimemwambia aandike ninavyosema asipambe.

Dada yako amejifungua salama hospitali ya Bariadi. Mtoto ni wa kike. Mkunga alipotoka kutuambia, alisema kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa pole, nikamuuliza, "Mbona unanong'ona?" Akacheka. Masunga alikuwa ameshaingia ndani.

Mtoto tumempa jina la Mhoja. Ni la babu yenu wa Lalago, na mama yangu mzazi pia aliitwa Mhoja, kwa hiyo hakuna ukoo wa kugombana.

Baada ya hapo niliwaita binti zangu. Mmoja alitoka Kalemela, mwingine Maswa, wawili wako hapa hapa Bariadi, mmoja Mwanza, na mkubwa Magu. Wote sita walikuja. Haijawahi kutokea wakaja wote pamoja, hata baba yao alipokufa. Nikawaketisha uwanjani nikawaambia maneno yako, ng'wanone, kama Kija alivyonisomea. Nikawaambia, "Niliwaambia mlinileta nyuma ya zizi. Haikuwa kweli. Hakuna aliyenileta. Nilipelekwa na watu wasiojua." Yule mkubwa ni mtu mzima, ana wajukuu. Alikuja akalaza kichwa kwenye magoti yangu mbele ya watoto wake.

Kesho yake tulikwenda kaburini kwa Masalu, mimi na wao sita. Sikwenda kugombana na maiti. Nilimwambia, "Masalu, wale ni wako. Ulinipa sita ukasema hukupewa kitu. Nimewalea, na hata mmoja hakupotea. Waangalie." Kisha nikamtajia mmoja mmoja kwa jina, na kila aliyetajwa akasogea mbele. Tukang'oa majani juu ya kaburi, tukarudi tukiimba. Thomasi alitukuta njiani na ng'ombe wake, akawatoa barabarani tupite.

Umemaliza chuo, nimesikia. Kuna watakaosema umesomea kuku. Waambie mimi nimekaa miaka hamsini nimebeba mzigo usio wangu, na aliyeutua ni wewe uliyesomea kuku. Nakushukuru, wabeja sana, ng'wanone.

Jambo la mwisho, nalo Kija analishangaa. Toka nimzae Masunga watu wote wananiita mama Masunga. Sikuwahi kukataa, nilikuwa nashukuru. Lakini Masunga ni mtoto wangu wa saba. Aliyenifanya mama ni yule wa kwanza, yule wa Magu. Nimewatangazia hapa nyumbani, na sokoni pia nimetangaza, na asiyetaka kuniita hivyo asiniite. Kwa hiyo, Kija, mwisho wa barua andika vizuri, kwa herufi kubwa, hivi ninavyosema:

Ni mimi,
MAMA WILHELMINA